Kaka amelala kwenye kochi usiku sita, nimemdai sawa na waliolala masta. Nimekosea wapi?

Mtoto_wa_Kati

Wadau, naombeni ushauri kabla sijakosana na ukoo mzima. Mimi ndiye yule mtu aliyepo katika kila familia: ndiye natafuta nyumba, ndiye napiga simu, natoa arubuni mfukoni mwangu, halafu naanza kudai kwa unyenyekevu utadhani mimi ndiye nadaiwa.

Tulipanga nyumba ya likizo kwa usiku sita. Fedha halisi sizitaji, kuna ndugu wanapita humu. Chukulieni jumla ilikuwa 600. Ndani yake kuna 60 ya usafi, ambayo inalipwa mara moja tu, ukae usiku mmoja ukae kumi. Iliyobaki, 540, ndiyo ya kulala, yaani 90 kila usiku.

Tulikuwa hivi: mimi, mume wangu na watoto wetu watatu (miaka 12, 8 na 4). Mdogo wangu wa kike, shemeji, na kichanga chao cha miezi saba. Kaka yetu mkubwa, ambaye hajaoa. Mama. Rafiki wa mume wangu na mkewe. Na binamu yetu, ambaye alifika safari ikiwa nusu, akalala usiku tatu. Ukihesabu na kichanga ni watu 13.

Sasa vyumba. Masta iko juu, ina bafu lake na kibaraza kinachotazama maji. Wale marafiki walitangulia kufika, sisi tukakuta mabegi yao yameshapanda kitandani. Nani angeyashusha? Chumba changu na cha mdogo wangu vinalingana. Mama tulimpa kile kidogo cha chini kwa sababu magoti yake hayaelewani na ngazi. Watoto wangu walilala chumba chenye deka mbili, vitanda vinne, kimoja cha juu kikabaki wazi mpaka binamu alipokuja. Kaka akaangukia kochi la kukunjua, sebuleni.

Na sebule yenyewe ndiyo njia ya kila mtu. Saa kumi na moja alfajiri kichanga kinaamka, mdogo wangu anashuka nacho ili kisiwaamshe walioko juu, anawasha taa, anazunguka nacho akikibembeleza, na kaka anavuta shuka hadi utosini. Usiku sita. Halafu lile kochi lina chuma kinachokatiza katikati. Hata ukilikalia mchana tu unakisikia.

Tuliporudi nikagawa. Nilijiona nimetumia akili kweli: kaya moja, fungu moja. Mama halipi. Mafungu yakawa matano, yaani mimi, mdogo wangu, marafiki, kaka na binamu. 600 gawa kwa 5, kila fungu 120. Nikatupia kwenye grupu saa tatu usiku pamoja na picha ya risiti.

Mdogo wangu akajibu "sawa dada" palepale. Marafiki wakatuma fedha asubuhi yake. Binamu alisoma, kimya. Kaka akaandika mstari mmoja: "Kumbe kochi na masta bei moja?" Baadaye mama, ambaye siku zote hutuma picha za maua tu, akaandika kwamba la kaka atalipa yeye. Hapo tumbo likanikata.

Leo siku ya nne. Mume wangu anasema niache ilivyo, kaka ana kazi nzuri na hana ada za kulipa. Kuna wakati namkubalia, halafu nakumbuka kile chuma. Wenzangu huwa mnagawaje? Na nikibadilisha hesabu sasa, waliokwishalipa nitawaambia nini?

---

Chumba_Kidogo

Dada, swali moja. Kwenye hesabu yako kuna 120 inayolipwa na mtu mmoja, na kuna 120 inayolipiwa watu watano. Hao watano ni akina nani?

Usinichukie. Mimi ndiye kaka wa familia yetu, nimelalia makochi mpaka najua aina zake. Mwenye watoto akishika kalamu, anagawa kwa kaya. Asiye na watoto akishika kalamu, anagawa kwa vichwa. Bado sijamwona aliyechagua hesabu inayomkamua mwenyewe.

Na hilo la "ana kazi nzuri" liacheni kabisa. Akitaka kuwasaidia atawapa kwa mkono wake. Msimchomolee kwenye hesabu ya nyumba.

---

Mtoto_wa_Kati

Aisee. Nimesoma, nikaweka simu chini, nikarudi kusoma tena. Naapa sikuliona hilo.

Ila na mimi nijitetee kidogo. Kwa vichwa nitalipia watu watano, je, huyu wa miaka 4 anahesabiwa sawa na shemeji mwenye futi sita? Wanangu walilala deka, hawakumnyima mtu chumba. Hapo pia naona kuna kuonewa.

---

Mhasibu_Mstaafu

Binti yangu, wewe na huyo kijana mnavutana kwa sababu mnatafuta kigawanyo kimoja cha vitu vitatu tofauti. Nyumba ile mlinunua vitatu: mahali pa kulala, ambapo kila mtu alipata pake, sebule, jiko na kibaraza cha nje, ambavyo mlitumia wote, na usafi, ambao haujali mtu kalala siku ngapi. Vitenge kwanza.

Ile 540 mimi huikata katikati, 270 ya vyumba na 270 ya maeneo ya wote. Si lazima iwe nusu kwa nusu. Nyumba ikiwa na bwawa na bustani kubwa, sehemu ya wote ipande. Ikiwa ni vyumba vitupu na korido, ishuke. Kwa ulivyoieleza yako, nusu inatosha.

Maeneo ya wote yanafuata watu na siku walizokaa. Mtu mzima kwa usiku mmoja ni 1, mtoto ni nusu, kichanga hakihesabiwi (ingawa hicho chenu, kwa jinsi kilivyoitumia sebule alfajiri, kingestahili kulipa kuliko wote). Wewe na mumeo kwa usiku sita ni 12, watoto watatu ni 9, jumla 21. Mdogo wako na shemeji 12. Marafiki 12. Kaka 6. Mama 6. Binamu 3. Jumla kuu 60, na 270 gawa kwa 60 ni 4.5. Kwa hiyo kaya yako 94.5, mdogo wako 54, marafiki 54, kaka 27, mama 27, binamu 13.5.

Vyumba hufuata ubora. Hapa ndipo ndugu hugombana, kwa hiyo tumia alama chache, usiingie kwenye kupima ukubwa wa dirisha. Masta 4. Chako na cha mdogo wako 3 kila kimoja. Cha mama 2, cha deka 2. Kochi 1. Jumla 15, kila alama ni 18. Masta 72, chako 54, cha mdogo wako 54, cha mama 36, cha deka 36, kochi 18. Binamu alitumia kitanda kimoja kati ya vinne kwa nusu ya siku, yake ni 4.5, na 31.5 inayobaki ya deka ni yenu.

Usafi 60, watu 12 bila kichanga, 5 kila kichwa. Hapa mtoto ni kichwa kamili. Mwenye kubisha akadeki sakafu waliyopita watoto watatu.

Ukijumlisha: kaya yako 205, mdogo wako 118, marafiki 136, mama 68, kaka 50, binamu 23. Hesabu mwenyewe, inarudi 600.

Sasa kuna jambo hukuligusa kabisa, nalo kwangu ni zito kuliko kochi. Uliposema "mama halipi", gharama yake ilikwenda wapi? Uliimwaga kwenye mafungu yote matano. Yaani rafiki wa mumeo amemlipia mama mkwe wa rafiki yake likizo, na wala hajui. Binamu naye hivyo hivyo. Mama yenu ni wenu. Ile 68 inawahusu watoto wake watatu: wewe 23, mdogo wako 23, kaka 22, hiyo moja aliyopunguziwa ni ya mgongo.

Mwisho inakuwa: wewe 228, mdogo wako 141, marafiki 136, kaka 72, binamu 23.

Waliokwishalipa usiwaongezee. Uliwapa bei, wakakubali, wakatuma, basi na marafiki mmemalizana. Unayeweza kumgusa ni yule unayempunguzia. Pengo linalobaki ni lako, kwa sababu kanuni uliitunga wewe na uliitunga safari ikiwa imekwisha.

---

Mtoto_wa_Kati

Shikamoo mzee. 228! Kutoka 120! Nimemwonyesha mume wangu, akaniambia nifunge simu tulale.

Lakini hili la mama limenichoma, maana ni kweli. Rafiki yetu angejua ningeficha wapi uso?

---

Mgeni_Mwalikwa

Naandika upande wa pili, kwa kuwa mimi na mke wangu tumewahi kuwa hao "marafiki".

Mgeni akialikwa kwenye safari ya familia ya watu hajui mengi. Hajui chumba kipi ni cha nani. Hajui kama amealikwa au anachangishwa. Sisi tulifika wa kwanza, tukauliza kwa simu tuweke wapi mizigo, tukaambiwa "popote tu, jisikieni nyumbani". Popote ikawa masta. Wenyeji walipoingia tukaona macho yao yanavyokwenda juu ya ngazi na kurudi. Wiki nzima hatukulala vizuri humo, na mtu wa kutuambia tuhame hakutokea.

Kwa hiyo dada usiwahesabie ubaya. Safari ijayo tuma orodha kabla: chumba hiki bei hii, kile bei ile, nani anachukua nini. Mimi ningelipa zaidi kwa masta bila kinyongo chochote kama ningeambiwa. Au ningeomba kile kidogo, nikabaki na fedha.

---

Hesabu_Kidato

Nafundisha hesabu, naomba niingie hapo hapo kwenye "chumba hiki bei hii".

Alama za mzee zina kasoro moja: zinapangwa na mtu mmoja. Nani kasema masta ni 4 na siyo 5? Kuna watu ambao kibaraza chenye mandhari si kitu kwao, wanataka giza na ukimya. Kwa hiyo waache walalaji wenyewe wataje bei, kwa mchezo mdogo ambao nimeucheza na ndugu zangu.

Tulikuwa wanne, vyumba vinne, jumla tuseme 400. Tukaanza na 100 kila chumba, kila mtu akaandika kwa siri anataka kipi. Watatu tulitaka chenye kibaraza, hakuna aliyetaka cha nyuma chenye dirisha la kuchungulia ukuta. Tukapandisha cha kibaraza hadi 120, cha nyuma tukakishusha hadi 80. Tukaandika tena. Wawili bado wanang'ang'ania kibaraza, cha nyuma bado yatima. Tukaendelea hivyo, kile kinachogombewa kinapanda, kinachokimbiwa kinashuka, ila jumla haitoki kwenye 400. Tuliishia 135, 105, 95 na 65, kila mtu na chumba chake. Cha 65 alikichukua mdogo wetu wa mwisho, akasema kwa bei hiyo angelala hata stoo. Ilituchukua kama dakika ishirini, na kumi kati ya hizo zilikuwa za kucheka.

Hili si la kubahatisha. Mwaka 1999 mwanahisabati wa Marekani, Francis Su, alichapisha uthibitisho unaotumia kanuni ya Mjerumani Emanuel Sperner ya mwaka 1928: daima upo mgawanyo wa bei ambao kila mtu atachagua chumba tofauti na asitamani cha mwenzake kwa bei yake. Kuna masharti, mojawapo kwamba mtu akiwekewa chumba cha bure hatakiacha ili alipie kingine. Kwa ndugu zangu sharti hilo halina wasiwasi hata kidogo.

Tahadhari mbili. Mifuko ikipishana sana, mwenye nacho atalala masta kila mwaka, na hilo nalo huleta maneno. Halafu mwenye magoti mabovu asiingizwe kwenye mnada. Chumba cha chini cha mama kitoeni kwanza, mkiwekee bei ya kawaida, ndipo wengine mshindane.

---

Niliachiwa_Deni

Mmesahau mtu mmoja: yule anayejitoa. Tulipanga kaya nne, kaya mbili zikaghairi wiki moja kabla, arubuni hairudishwi, na risiti ilikuwa na jina langu. Siku hizi sibonyezi "thibitisha" kabla kila mtu hajanitumia sehemu yake. Ukijitoa baada ya hapo, fedha yako inabaki mpaka umlete wa kukaa nafasi yako. Nimeitwa mchoyo. Sijali.

Amana ya uharibifu vilevile. Mkiingia tu, piga picha kila chumba, hasa kuta za walipolala watoto.

---

Chumba_Kidogo

@Mtoto_wa_Kati ikoje huko? Binamu kashajibu?

---

Mtoto_wa_Kati

Narudi na mrejesho, mnisamehe kukawia.

Nilianza na mdogo wangu, nikampigia nikamsomea hesabu ya mzee yote. Akanyamaza, halafu akauliza, "Kwa hiyo mama tulimlipisha kwa watu?" Nikasema ndiyo. Jioni akatuma 21 juu ya ile 120 yake. Sikumwomba.

Binamu nikamwandikia pembeni, siyo kwenye grupu: ndugu yangu, nilikosea, yako ni 23. Akajibu ndani ya dakika moja, na fedha juu. Kumbe zile siku zote za ukimya alikuwa anahangaika kutafuta pa kukopa 120. Kwa usiku tatu kwenye deka, juu ya kichwa cha mtoto wa miaka minane. Hilo limeniuma kuliko kelele za kaka.

Marafiki sikuwagusa. 16 yao nimeimeza.

Kaka nilimwacha wa mwisho kwa sababu ndiye niliyemwogopa. Nikapiga simu nikamwambia, "Kaka, yako ni 72." Hakusema asante wala pole. Alisema, "72 umeitoa wapi?" Ikabidi nifungue daftari: maeneo ya wote 27, kochi 18, usafi 5, hiyo ni 50. Na 22 ya mama.

"Na nyie la mama mnalipa ngapi?"

"23, 23."

"Kwa nini mimi 22?"

Nikamweleza kwamba 68 haigawanyiki kwa tatu, na mzee mmoja alisema hiyo moja ni ya mgongo wako. Akacheka, mara ya kwanza tangu turudi. Halafu akasema la mama asipunguziwe na mtu, akatuma 73. Kwa hiyo aliyelipa 22 ya mama nimekuwa mimi, na jumla yangu imekuwa 243. Mume wangu ameiona. Ameuliza tu kama safari ijayo watoto wanaweza kwenda kwa bibi yao wa upande wa pili.

Mama naye nimemtumia ujumbe kwamba la kaka limekwisha. Amejibu kwa ua.

Mchezo wa mwalimu nimeupeleka kwenye grupu, mdogo wangu kaukubali, shemeji anauliza kama anaweza kushindania kochi. Kaka hakuchangia. Ameandika kwamba mwakani begi lake litatangulia siku moja kabla yake.